Tovuti ya nyumba ya wageni Pemba: bei ipo, njia ipo, na bado watu wanapiga simu kuuliza. Nianze kurekebisha wapi?

MtuWaChake

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimekabidhiwa tovuti ya nyumba ya wageni ya vyumba 7 hapa Chake Chake, pamoja na safari za boti za kisiwa cha Misali. Aliyeijenga hayupo tena kazini, lakini faili zote ninazo na HTML na CSS naziweza. Kuivunja na kuijenga upya hakuna fedha.

Ilivyo sasa: ukurasa wa mwanzo una picha 5 zinazojizungusha, uzito wake jumla MB 14. Menyu ina vitu 11 (Karibu, Kuhusu Sisi, Dira na Dhamira, Matunzio, Huduma Zetu, Vifurushi, Habari, Timu Yetu, Washirika, Nyaraka, Mawasiliano). Bei zimo kwenye PDF, na PDF imo chini ya "Nyaraka". Maandishi ni ya kijivu, pikseli 13. Fomu ya kuomba chumba ina visanduku 14. Lugha hubadilishwa kwa bendera mbili ndogo pembeni juu.

Simu za kila siku zinauliza mambo manne: chumba bei gani, kutoka bandari ya Mkoani nafikaje, boti ya Misali inaondoka saa ngapi, na mnapokea shilingi au dola. Yote manne yamo kwenye tovuti. Sasa kosa liko wapi, na nianze na lipi?

FundiDarajani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kosa ni kwamba menyu imepangwa kwa mujibu wa mwenye nyumba, si kwa mujibu wa mgeni. Dira na Dhamira ni habari ya mwenye nyumba. Mgeni kaja na maswali manne, na hayo manne ndiyo menyu yako.

Kwanza hakikisha kwa hesabu. Weka daftari karibu na simu kwa wiki mbili, kila swali likija piga mstari. Kama manne hayo ndiyo yanayoongoza kweli, yapange kwa wingi wa mistari. Menyu iwe hivi: Vyumba na bei, Safari za boti, Jinsi ya kufika, Maswali, Wasiliana nasi. Tano basi. "Matunzio" yafe, picha ya chumba ikae pembeni ya bei ya chumba hicho hicho, maana hakuna mtu anayetafuta picha kwa ajili ya picha, anataka kuona kitanda atakacholipia. Dira, Timu na Washirika viende chini kabisa ya ukurasa kwa maandishi ya kawaida.

Halafu shughulikia skrini ya kwanza, yaani kile kinachoonekana kabla mtu hajasogeza kidole. Pima kwenye simu, usipime kwenye kompyuta yako. Simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 360 hivi kwa hesabu ya CSS. Ndani ya upana huo nataka kuona: jina la nyumba na neno "Chake Chake, Pemba", picha moja, bei ya kuanzia kwa usiku, na kitufe kimoja kilichoandikwa kitendo, kwa mfano "Angalia vyumba na bei". Usiandike "Zaidi" wala "Bofya hapa". Maneno hayo hayamwambii mtu anakwenda wapi, na kwa asiyeona anayesikilizishwa orodha ya viungo na simu yake, atasikia "zaidi, zaidi, zaidi" mara sita.

Angalia pia kama kwenye kichwa cha HTML upo mstari huu:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Ukikosekana, simu inajifanya ina upana wa pikseli 980 na kuupunguza ukurasa mzima uingie. Ndipo utakapoona herufi kama chungu. Na kama upo lakini umeongezwa `user-scalable=no`, kifute kipande hicho. Mtu mwenye macho mabovu anataka kukuza, na wewe unamzuia.

Picha zinazojizungusha toa leo. Zinabadilika kabla mtu hajamaliza kusoma, wengi hawafiki picha ya pili, na zote tano zinapakuliwa hata kama imeonekana moja.

PDF ya bei: kwenye simu inapakuliwa pembeni, herufi zake hazijipangi upya kwa upana wa skrini, mtu anavuta kulia na kushoto mpaka anasahau alikuwa safu gani. Bei iandike kwenye ukurasa wenyewe. Jedwali la safu 3 linaingia kwenye pikseli 360. La safu 6 haliingii, hilo ligeuze kila chumba kiwe kisanduku chake. Na bei iwe kamili. Andika kama ni ya chumba au ya kichwa, kama chai ya asubuhi imo, kama kodi imo, na mnapokea nini: shilingi, dola, kadi, au malipo ya simu. Mgeni akikuta nyongeza mwisho wa safari hasemi kitu, anafunga ukurasa. Umeshawahi kuona mtu marikitini anaambiwa bei ya fungu, akifungua pochi anaambiwa na kifuko kina bei yake? Ndiyo hiyo hiyo.

Panza07

Naongeza kuhusu hizo MB 14 maana hapo ndipo kifo chenyewe kilipo.

Fanya hesabu. Megabaiti 14 ni megabiti 112. Kwa intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo mtu anaweza kuipata akiwa ndani ya gari njiani, ni sekunde 56 za kusubiri picha tu, na bando lake ndilo linalolipia. Google wanapima ukurasa kwa vipimo vitatu: kitu kikubwa kabisa cha skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuruka-ruka kwa vitu isizidi 0.1. Vipimo hivyo vinatakiwa vifikiwe katika asilimia 75 ya ziara, kwa hiyo kufungua haraka kwenye simu yako ofisini si ushahidi.

Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ina pikseli kama 4000 kwa 3000. Skrini ya upana wa 360 yenye ujazo mara tatu (pikseli tatu halisi kwa kila moja ya CSS) inahitaji 1080 tu. Kila picha itengenezee nakala tatu, upana 480, 800 na 1200, kwa muundo wa WebP, ubora 75 hivi. Ile ya skrini ya kwanza isizidi KB 150. Kisha kiache kivinjari kichague chenyewe:

`<img src="chumba-800.webp" srcset="chumba-480.webp 480w, chumba-800.webp 800w, chumba-1200.webp 1200w" sizes="(min-width: 800px) 50vw, 100vw" width="800" height="600" alt="Chumba cha vitanda viwili vyenye chandarua, dirisha linatazama bandarini">`

Mambo manne yanayoharibika hapo:

Ukisahau `sizes`, kivinjari kinadhani picha inajaza skrini nzima. Kwenye simu huoni tofauti, kwenye kompyuta inapakuliwa kubwa bure.

Ukisahau `width` na `height`, ukurasa hauachi nafasi. Picha ikifika inasukuma kila kitu chini, na mtu aliyekuwa anataka kugusa "Piga simu" anagusa kitu chengine.

`loading="lazy"` weka kwa picha za chini tu. Ukiiweka kwenye picha ya kwanza unaichelewesha ile ile unayotaka itangulie.

Picha za iPhone zenye mwisho wa .heic hazifunguki kwenye Chrome. Utaziona wewe kwenye Mac, wengine wataona kisanduku kitupu.

Ramani iliyopachikwa nayo ni nzito. Weka picha ndogo ya ramani yenye kiungo kinachofungua programu ya ramani ya simu. Na fonti: kama unapakua unene wa aina nne, bakisha miwili na uongeze `font-display: swap` ili maandishi yasisubiri fonti.

BiKarafuu

Nyote mmesema kweli, lakini swali la boti limepitwa juu juu, nalo ndilo gumu kuliko yote kwa tovuti ya kisiwani.

Kwanza saa. Ukiandika "Boti inaondoka saa 2", Mpemba anaelewa asubuhi baada ya chai. Mtaliano anayesoma kwa tafsiri ya mashine huweza kupewa saa nane usiku. Tafsiri ya kivinjari huweza kuichukua tarakimu ilivyo, na mgeni hana njia ya kujua. Kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili uandike "saa 2:00 asubuhi (08:00)" na wa Kiingereza uandike 08:00 peke yake. Usitegemee mtu atakumbuka kuongeza sita. Tarehe nazo: 03/04 kwa Mmarekani ni mwezi wa tatu tarehe nne, kwa Muingereza ni tarehe tatu mwezi wa nne. Mwezi uandike kwa jina lake, "3 Aprili", kila mahali, hasa kwenye ujumbe wa kuthibitisha.

Pili maji. Kama boti inapakilia pwani yenye kina kifupi, saa ya kuondoka haiwezi kuwa moja kila siku. Kujaa na kupwa kunasogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku. Siku za bamvua, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji hukauka sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na boti inasogea karibu zaidi. Tovuti inayosema "kila siku saa 3:00 asubuhi" inasema uongo nusu ya mwezi, na mgeni akishadanganywa mara moja hata bei haamini tena.

Suluhisho si kueleza elimu ya mwezi kwenye ukurasa. Weka jedwali dogo la siku 7 zijazo: siku, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nafasi zilizobaki. Juu yake andika lini limesahihishwa mara ya mwisho. Chini yake sentensi moja: "Saa hubadilika kufuata maji, tunakuthibitishia jioni ya siku iliyotangulia." Hilo jedwali liwe mahali ambapo nahodha au mtu wa mapokezi anaweza kulibadilisha kwa simu yake bila kukutafuta wewe, lasivyo baada ya wiki tatu litakuwa limekufa. Jedwali lililokufa ni baya kuliko kutokuwa nalo. Kama huna uhakika nani atalisahihisha, acha sentensi peke yake.

Kwenye "Jinsi ya kufika" usiandike anuani ya sanduku la posta. Andika hatua, kwa mpangilio wa safari: umeshuka Mkoani, unapanda gari namba 603 ya Chake au teksi, nauli kiasi gani, inachukua dakika ngapi, unashukia wapi, ukishuka unatembea upande gani ukiona nini. Alama iwe kitu kisichohama, msikiti, skuli, benki, mzunguko wa barabara. "Karibu na duka la Fulani" halifai, duka hubadilisha jina. Fanya vivyo hivyo kwa anayeshukia uwanja wa ndege. Kwa walio Unguja, mahoteli ya Mji Mkongwe wanatakiwa waseme pia gari inaishia wapi, maana mgeni mwenye masanduku mawili hajui kwamba vichochoro vya Mkunazini gari haipiti.

Kwenye "Maswali" weka yale ambayo mgeni anaona haya kuuliza: mavazi mjini, chakula cha mchana mwezi wa Ramadhani kinapatikana wapi na saa ngapi, umeme ukikatika mna jenereta au hamna. Weka na habari ya bima ya lazima kwa wageni wa nje iliyoanza Oktoba 2024, pamoja na kiungo cha mahali rasmi pa kuinunua. Bei yake usiinakili kwako. Ikibadilika utakuwa wewe ndiye mwongo.

NahodhaMtandao

Mie naona mnazunguka. Futa fomu, weka kitufe cha WhatsApp kikubwa, kwisha. Watu wa hapa wote wako huko.

BiKarafuu

Watu wa hapa sawa, kaka. Aliye Ujerumani anapanga safari usiku wa manane baada ya watoto kulala, na anataka kuacha ombi lililoandikwa tarehe na idadi ya watu, si kuanza mazungumzo "Hello" halafu asubiri. Na ujumbe wa WhatsApp ukiingia simu ya mtu mmoja, akiwa likizo maombi yamo mfukoni mwake. Viwepo vyote viwili, kitufe na fomu fupi.

Kitufe chenyewe wengi wanakikosea. Kiungo ni wa.me/ ikifuatiwa na 255 na tarakimu 9. Hakuna alama ya kujumlisha, hakuna sifuri. Ukiandika 2550 kisha namba, kinafunguka ukurasa wa kusema namba si sahihi, na wewe hutojua usipokijaribu. Kijaribu kwa simu ambayo haina namba yenu. Unaweza kuongeza `?text=` na maneno ya kuanzia, ili mtu asianze na ukurasa mtupu: "Naomba chumba tarehe … usiku … watu …".

Sasa fomu. Visanduku 14 vishuke viwe 7: jina kamili, simu, barua pepe (mojawapo ya hivyo viwili inatosha), tarehe ya kuingia, idadi ya usiku, idadi ya watu, na kisanduku kimoja cha "jambo jengine" kisicho cha lazima. Kila unachotaka kubakisha jiulize: bila hiki naweza kumjibu? Namba ya pasipoti utaiona akifika. "Umetujuaje" utamuuliza mezani. Jinsia, anuani, kurudia barua pepe mara ya pili, vyote nje.

Jina liwe kisanduku kimoja. Fomu yenye jina la kwanza, la kati na la ukoo inamsumbua Mzanzibari mwenye majina matatu yasiyo na ukoo, na inamkataa mwenye jina moja. Na isikatae alama ya ritifaa, kuna watu wanaitwa Ng'wana-kitu na O'-kitu.

Maelezo ya kisanduku yakae juu ya kisanduku, yabaki hapo. Wanaoyaandika ndani kwa kijivu wanaona wamebana nafasi, lakini mtu akianza kuandika yanapotea, akigeuka kumjibu mtoto akirudi hajui alikuwa anajaza nini. Simu iwe `type="tel"` ili zitokee tarakimu, barua pepe `type="email"`, na kila kimoja kiwe na `autocomplete` (`name`, `tel`, `email`) ili simu ijaze yenyewe. Herufi ndani ya visanduku zisipungue pikseli 16. Zikipungua, Safari ya iPhone inakuza ukurasa kila mtu akigusa kisanduku, kisha hairudi ilipokuwa.

Namba ya simu ipokee vyovyote inavyokuja: yenye nafasi, yenye 0 mbele, yenye +255, yenye 00, ya nchi nyengine yenye tarakimu zaidi. Kuisafisha ni kazi ya programu, si ya mgeni. Fomu inayodai "tarakimu 10 tu" imeshawafungia mlango wageni wote wa nje.

Ujumbe wa kosa useme kosa. "Ingizo batili" haumsaidii mtu. "Tarehe ya kuingia imeshapita, chagua ya kuanzia leo" unamsaidia, na uandikwe chini ya kisanduku chenyewe, si juu ya ukurasa peke yake. Alichokwisha jaza kisifutike hata chembe. Rangi nyekundu peke yake haitoshi, wapo wasioiona; weka na maneno.

Akigusa "Tuma ombi", kitufe kibadilike kiwe "Inatuma…" na kisikubali mguso wa pili, maana mtandao ukisuasua mtu anagusa mara nne na wewe unapata maombi manne. Ikishafika, mwonyeshe alichoomba na lini atajibiwa, kwa saa. "Asante kwa kuwasiliana nasi" haimwambii kama chumba amepata au bado.

MtuWaChake

Nashukuru sana, hasa la maji, hilo sikulifikiria kabisa. Nimetoa picha za kuzunguka, ukurasa wa mwanzo sasa ni KB 620. Kwa hesabu ya Panza07 ni kama sekunde 2.5 kwa megabiti 2. Bei nimeiandika kwenye ukurasa.

Nina mambo matatu. Rangi: mwenye nyumba anapenda kijivu, anasema ndiyo kisasa. Bendera: zibaki au zitoke? Na yeye bado anataka "Karibuni sana" na Dira vikae juu kabisa.

FundiDarajani

Rangi haina haja ya kubishana, ina kipimo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na watu wote, uliotolewa na shirika la viwango vya wavuti W3C, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu cha #999 juu ya nyeupe kinapata 2.85. Kimefeli. Mpe #595959, bado ni kijivu na kinapata 7. Maandishi yawe pikseli 16 au 17, nafasi ya mistari 1.5. Halafu mtoe nje saa 7 mchana, jua la utosi, mwangaza wa simu nusu, mwambie asome bei. Mgeni wenu anasoma akiwa juu ya sitaha ya boti, si chini ya feni.

Vitufe navyo: WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka angalau pikseli 24 kwa 24. Hiyo ni chini kabisa. Kwa kidole gumba ndani ya gari linalorukaruka weka 48, na pikseli 8 kati ya kitufe na kitufe.

Bendera zitoke. Kiswahili bendera gani, ya Tanzania, Kenya au ya Zanzibar yenyewe? Andika neno, "Kiswahili" na "English", na mtu akibadilisha abaki ukurasa ule ule. Nyingi zinamrudisha mwanzo, aanze kutafuta bei upya. Na ndani ya HTML ukurasa wa Kiswahili uwe na `lang="sw"`. Ukiachiwa `en`, programu inayomsomea asiyeona itasoma "karibu chumbani" kwa matamshi ya Kiingereza, hataambulia neno.

Panza07

Kuhusu mwenye nyumba: usimpe hoja, mpe kiti. Tafuta watu 5 ambao hawajawahi kuiona tovuti. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kuyatoa matatizo mengi. Ukirekebisha, tafuta watano wengine. Mmoja awe mtu mzima anayevaa miwani, mmoja mwenye simu ya bei ndogo, mmoja mgeni wa nje kama yupo nyumbani hapo. Kila mmoja dakika 15, kwa simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, si kwa Wi-Fi ya ofisini.

Wape kazi, usiwape swali. "Umeshuka Mkoani saa 7 mchana, mko watu wawili. Tafuta utafikaje hapa na utalipa kiasi gani kwa usiku mbili." Kisha nyamaza. Ukiona kidole kimesimama, usimuelekeze. Andika kilisimama ukurasa gani, juu ya neno gani. Hapo ndipo pa kurekebisha. Katika kazi yenyewe usitumie neno lililo kwenye kitufe: ukisema "tafuta Vyumba na bei" umeshampa jibu.

Wala usiulize "unaionaje?". Kwetu sisi mtu hawezi kukwambia usoni kwamba kazi yako mbaya. Atasema nzuri, mashaallah, na hakuiona bei.

Mwenye nyumba akae nyuma, asiseme kitu, aone watu wawili tu wakipita "Karibuni sana" bila kusoma. La Dira ataliamua mwenyewe.

MtuWaChake

Nimepata wanne, wa tano kesho inshaallah. Kimetokea ambacho hakuna aliyekitaja: kile kitufe cha WhatsApp kinachoelea chini kulia kinaziba "Tuma ombi" kwenye simu ndogo. Wawili kati ya wanne wamegusa WhatsApp wakidhani wametuma fomu.

BiKarafuu

Kwenye ukurasa wa fomu kiondoe kabisa, weka kiungo cha WhatsApp kwa maandishi chini ya "Tuma ombi". Kurasa nyengine kiache, lakini mwisho wa ukurasa ongeza `padding-bottom` ya pikseli 80 ili mstari wa mwisho upandishike juu yake. Baada ya hapo fungua kibodi ya simu ukiwa ndani ya fomu uangalie tena: skrini inabaki nusu, na kitu chochote kilichogandishwa chini kinaweza kuja kukaa juu ya kisanduku unachojaza.